Kufufua baiskeli ya kukunja ya zamani nyumbani: anza na bawaba, rangi iwe ya mwisho kabisa

BawabaKwanza

Wakuu habari zenu. Naona watu wengi wakipata baiskeli ya kukunja ya zamani, zile za chuma zenye bomba moja nene katikati na matairi madogo, kitu cha kwanza wanachokimbilia ni msasa na rangi ya kupuliza. Napinga kabisa huo utaratibu ndo maana nimefungua uzi, manake hii baiskeli inatofautiana na ya kawaida sehemu moja kubwa na hiyo sehemu ndiyo inayoamua kama utafika salama au utaokotwa barabarani. Hiyo sehemu ni bawaba.

Fremu ya kawaida ina pembetatu mbili, mzigo unagawanyika kwenye mabomba kadhaa. Ya kukunja ya zamani mara nyingi ni bomba moja tu, halafu limekatwa katikati na kuungwa kwa bawaba. Kwa hiyo uzito wako wote, kila shimo la barabarani, kila breki ya mbele, kila ukikanyaga pedeli fremu ikajipinda kidogo, vyote vinapita hapo kwenye pini moja na kifungio kimoja. Ongeza nguzo ya siti ndefu na shina refu la usukani, zote mbili ni wenzo mrefu unaokoroga fremu miaka na miaka.

Sasa kabla hujafungua nati hata moja piga picha, ikiwa imekunjuliwa na ikiwa imekunjwa, pande zote, hasa njia za waya. Kisha osha sehemu ya bawaba hadi grisi ya zamani iishe, leta tochi, imulike kwa ubavu siyo kwa mbele, halafu tafuta ufa pale bomba linapoingia kwenye bawaba na pembeni ya weldi. Ufa mara nyingi unaanza kama kamstari kembamba ka kutu kanachopita juu ya rangi, au rangi imeinuka kwa mstari wakati pembeni iko nzima. Ukiwa na mashaka tumia njia ya zamani ya mafuta na chaki: paka mafuta ya taa, yaache yaingie, futa mpaka pakauke kabisa, nyunyiza unga wa chaki mweupe. Kama kuna ufa yale mafuta yaliyojificha ndani yatapanda taratibu na kuchora mstari kwenye chaki. Fanyia nje penye hewa na mbali na moto.

Baada ya hapo pima mchezo, yaani ulegevu. Ikunjue, funga kifungio, simama pembeni, bana breki ya mbele, sukuma na kuvuta huku kidole kimelala juu ya mstari wa bawaba, nusu huku nusu kule. Kidole kinahisi hata kitu ambacho macho hayaoni. Hamishia kidole kwenye shingo ya foko (ule uma unaoshika gurudumu la mbele) urudie, maana watu wengi wanalaumu bawaba kumbe kilicholegea ni gololi za shingo.

Mchezo ukiwa kwenye bawaba ujue pini imelika au bushi zake zimelika. Pini inabadilishwa kwa pini yenye kipenyo hicho hicho, yenye mwili laini sehemu yote inayozunguka ndani ya bawaba. Usiweke bolti ya kawaida ambayo meno yake yanapita ndani ya bawaba, yale meno yanakula tundu na ndiyo sehemu dhaifu ya bolti. Na kwa kifungio cha mkono, wenzo unatakiwa uanze kukaza ukiwa karibu nusu ya safari yake na umalizie kwa nguvu ya kiganja. Ukifunga kirahisi kama mlango wa kabati basi haujabana kitu.

Na hapa ndo sababu ya rangi kuwa ya mwisho. Zile nyuso mbili za bawaba zinazokutana zinatakiwa zikutane chuma kwa chuma. Ukipuliza rangi pale, ukabana kifungio, ile rangi inasagika taratibu, unene unapungua, kifungio kinalegea chenyewe ukiwa njiani na wewe unaamini ulikaza. Nimeona baiskeli zinazong'aa ukizitazama ila zikikanyagwa zinalialia katikati, na chanzo ni hicho.

Nitaendelea na magurudumu, habu (kitovu cha gurudumu) na breki. Kama una yako unayoifanyia kazi weka hapa tatizo tulione.

spoku_ishirini

Mkuu asante kwa uzi, mimi nimekwama mapema sana, pedeli ya kushoto haitoki. Nimeongeza bomba kwenye spana naona inazidi tu kukaza.

BawabaKwanza

Unaizungusha kwa upande wa kuikazia mkuu. Pedeli ya kushoto ina meno ya kinyume, inafunguka kwa kuzungusha kufuata mshale wa saa. Kulia ndo kawaida. Njia rahisi ya kukumbuka: kwa upande wowote ule, weka spana kwenye pedeli ikiwa imeelekea juu, sukuma kuelekea nyuma ya baiskeli, inafunguka.

Mafuta ya kupenya weka kwa upande wa ndani wa krenki (ule mkono unaoshika pedeli) pia siyo nje peke yake, lala nayo usiku, kesho ndo ujaribu. Na ukija kununua pedeli mpya angalia kipimo, nyingi ni inchi 9/16 ila baiskeli za Kifaransa za zamani zinatumia milimita 14, na hizo mbili zinakaribiana kiasi kwamba mtu anaweza kulazimisha moja iingie kwenye nyingine akaharibu krenki.

NyundoPole

Kwenye krenki hapo hapo naomba nichangie. Baiskeli nyingi za umri huo krenki zinashikwa na kota pini (pini yenye nati inayopita ubavuni mwa krenki), siyo bolti ya kati kama za sasa. Watu wanaharibu sana hapa. Wanafungua nati yote, wanapiga nyundo kwenye ncha yenye meno, kota inapinda ncha inavimba, haitoki tena hadi itobolewe kwa drili.

Utaratibu wa kueleweka ni hivi. Legeza nati mpaka iwe sawa na ncha ya kota, usiitoe, ndiyo inayolinda meno. Chini ya krenki weka bomba la chuma limesimama sakafuni, liwe na tundu la kutosha kota kushukia, liguse krenki pale pale pembeni ya kota. Sababu ni kwamba bila hilo bomba nguvu ya nyundo inaishia kwenye gololi na mabakuli yake (vikombe zinamokaa), unazichimba, halafu kota yenyewe haijasogea. Kisha piga pigo moja zito la moja kwa moja. Vipigo vidogo dogo vingi vinavimbisha tu ncha. Mwenye presi ya kota au vaisi ya kubania atumie hiyo, ni bora kuliko nyundo.

Kurudisha: kota mpya, pima kipenyo kwa vernia (kifaa cha kupimia vipenyo) kwa sababu kuna za milimita 9 na za 9.5 na hazibadilishani. Gonga iingie kwanza kwa nyundo, nati inafuata baadaye kuishikilia tu. Nati siyo ya kuivutia kota ndani, itakatika meno.

BawabaKwanza

NyundoPole umeeleza vizuri sana, niongeze moja tu: kota zote mbili zielekee pande tofauti, yaani krenki zikiwa zimelala moja mbele moja nyuma nati ya moja iangalie juu na ya nyingine chini. Ukiziweka zote upande mmoja krenki hazitanyooka, mguu mmoja utakuwa mbele ya mwingine na goti litakuambia.

KutuSugu

Wakuu krome yangu imejaa vidoti vya kutu usukani na rimu zote. Nimeambiwa nitumbukize kila kitu kwenye asidi ya betri masaa machache kinatoka kipya. Ni kweli?

BawabaKwanza

Hapana ndugu, achana na asidi ya betri kabisa. Kwanza itakula ngozi na macho yako. Pili, asidi kali inaingiza haidrojeni ndani ya chuma kigumu, kile chuma kinakuja kukatika ghafla bila hata kupinda. Springi za breki, bolti ngumu, pini ya bawaba, gololi, hivyo vitu havitakiwi kuonja asidi kali.

Elewa kwanza kutu ya krome inatoka wapi. Krome yenyewe haishiki kutu, kinachoshika ni chuma kilicho chini yake, maji yanapenya kwenye vitundu vidogo kisha kutu inachipukia juu. Kwa hiyo kazi yako ni kufuta kilichochipuka bila kuchubua krome iliyobaki. Chukua foili ya aluminiamu, ikunje, ilowanishe kwa maji, sugua. Aluminiamu ni laini kuliko krome kwa hiyo haikwaruzi, ila kutu inaisaga vizuri tu. Utaona uji mweusi, ufute, rudia. Ukimaliza kausha na upake nta, hiyo nta ndo inaziba vile vitundu, ukiiruka kutu inarudi.

Vitu vidogo vya chuma visivyobeba hatari, mfano bracketi za madigadi na washa, loweka kwenye siki au maji yenye asidi ya sitriki, kisha suuza na maji yaliyochanganywa na baking soda ili asidi iishe nguvu, kausha hapo hapo kwa kitambaa na joto, paka mafuta. Ukichelewa dakika chache tu kutu nyepesi ya chungwa inatokea tena.

mama_gia3

Mimi yangu ni Raleigh Twenty, ina gia tatu za ndani ya habu za kampuni ya Sturmey-Archer. Gia ya kwanza iko sawa, ya pili inateleza mara nyingine pedeli zinazunguka bure, ya tatu inashika. Fundi mmoja kaniambia habu imekufa ninunue gurudumu lingine. Naomba ushauri kabla sijatoa hela, na kama kuna mtu anajua namna ya kujua ni ya mwaka gani.

BawabaKwanza

Dada usitoe hela bado, na tena hongera, hiyo ni moja ya baiskeli bora sana za kufufua. Modeli hiyo ilianza kutoka 1968 kule Nottingham, Uingereza, na habu yake, kama imeandikwa AW kwenye ganda, ni kati ya mashine zinazovumilia mateso kuliko karibu kitu chochote kwenye baiskeli. Futa ganda la habu vizuri utaona namba zimegongwa, mfano 74 na pembeni 3, maana yake Machi 1974. Kumbuka tu huo ni umri wa habu, kama gurudumu liliwahi kubadilishwa basi fremu inaweza kuwa na umri mwingine.

Sasa hilo tatizo lako. Ndani ya AW gia ya pili ni moja kwa moja, gurudumu linazunguka sawa na sproketi (kigurudumu cha meno kinachoshika mnyororo). Ya kwanza inapunguza hadi asilimia 75 na ya tatu inaongeza kwa theluthi moja. Springi ya ndani inasukuma kuelekea gia ya tatu, waya ndo unavuta kuelekea ya kwanza, ndiyo maana waya ukikatika njiani unabaki na gia nzito. Na kati ya ya pili na ya tatu kuna sehemu ambayo hakuna gia yoyote. Waya ukilegea kidogo tu, ukiwa kwenye ya pili habu inaangukia pale katikati, pedeli zinakimbia bure. Ni hatari ukiwa umesimama juu ya pedeli, kwa hiyo usiiendeshe mpaka uirekebishe, lakini kwa dalili hizo uwezekano mkubwa ni waya na siyo habu.

Weka wenzo wa gia kwenye ya pili. Nenda upande wa kulia wa ekseli ya nyuma, kuna nati ndefu yenye tundu la kuchungulia. Ndani utaona kijiti chenye kimnyororo. Kwenye gia ya pili, bega la kile kijiti, pale kinapoungana na kimnyororo, linatakiwa liwe sawa sawa na mwisho wa ekseli. Likiwa limezama ndani waya umelegea, kaza kirekebishi hadi lilingane, funga nati yake ndogo ya kuzuia. Jaribu gia zote gurudumu likiwa juu kabla ya kupanda.

Kama baada ya hapo bado inateleza basi mafuta ndani yamekauka yakawa gundi, vile vidole vya ndani vyenye springi haviinuki kushika meno. Kama ganda lina kijitundu chenye kifuniko weka mafuta ya taa kidogo, zungusha, laza gurudumu yatoke machafu, rudia hadi yatoke masafi, halafu weka oili nyepesi ya injini kijiko kidogo cha chai. Za baadaye hazina kijitundu, hapo unapitishia kwenye tundu la ekseli kile kijiti kikiwa kimetolewa.

KutuSugu

Kwanini usijaze tu grisi ndani? Grisi inakaa muda mrefu kuliko oili.

BawabaKwanza

Grisi ni kwa gololi za pembeni tu. Ukipaka grisi nzito kwenye vile vidole vinanata, springi zake ni nyembamba sana hazina nguvu ya kuvisukuma, unarudi kwenye tatizo lile lile la kuteleza. Oili inavuja kidogo kweli na utaona doa, ila inavuja na uchafu. Kila baada ya miezi michache ongeza matone, basi.

Na mama_gia3, ukifika kwenye ekseli ya krenki ya hiyo Raleigh usitupe mabakuli ya zamani hata yakiwa na sura mbaya. Meno yake ni 26 kwa inchi wakati mabakuli ya kawaida ya Kiingereza ni 24, na nyumba yake (bomba la fremu inamokaa ekseli) ina upana wa milimita 76 wakati nyingi ni 68. Yaani cha dukani hakiingii. Badilisha gololi tu, inchi 1/4, kumi na moja kila upande, zote kwa pamoja, usichanganye mpya na za zamani. Bakuli la kulia lina meno ya kinyume, na kama halina pa kushika spana liache pale pale lilipo, lisafishe kwa kitambaa kupitia ndani. Na kwenye shingo usishangae ukikuta juu hakuna gololi, ina bushi ya nailoni, chini ndo kuna gololi. Ndivyo ilivyotengenezwa, hakuna aliyeiba.

mama_gia3

Bega la kijiti lilikuwa limezama kabisa ndani!! Nimekaza sasa hivi, nimezungusha kwa mkono gia zote tatu zinashika. Mungu akubariki mkuu. Kwenye ganda nasoma 76 na 9.

BawabaKwanza

Septemba 1976 hiyo. Nimefurahi sana, umeokoa habu nzima kwa kugeuza kanati kamoja. Irudie kuiangalia baada ya kuitumia, waya mpya hasa unanyooka kidogo mwanzoni.

Kamba_ya_Breki

Naomba tuzungumzie tairi, nimenunua "inchi 20" mara mbili na zote haziingii rimu yangu ya inchi 20. Hii inakuwaje

BawabaKwanza

Inchi 20 ni jina tu mkuu, siyo kipimo cha rimu. Soma namba zilizofinyangwa ubavuni mwa tairi la zamani, zile zenye kistari, mfano 47-406. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha pale tairi linapokaa kwenye rimu, na hiyo ya pili lazima ilingane kamili. Inchi 20 zenye upana wa desimali, kama 20 x 1.75, kwa kawaida ni 406. Zenye sehemu, kama 20 x 1 3/8, mara nyingi ni 451, na kuna nyingine za Ulaya ni 438 au 440. Tofauti ya 406 na 451 ni sentimita nne na nusu, hakuna nguvu ya mkono itakayoiingiza. Hata za inchi 16 ni hivyo hivyo, kuna 305 na kuna 349.

Tairi likiwa limefutika namba pima rimu yenyewe. Na rimu za chuma za zamani kingo zake ni wima hazina ndoano ya kushika tairi, kwa hiyo usijaze upepo mwingi wa tairi za kisasa nyembamba, litaruka kwenye rimu. Badilisha na utepe wa rimu wakati uko hapo, wa zamani umeshakuwa mgumu na vichwa vya spoku vitatoboa tyubu.

JuaKali_Bawaba

Mimi yangu ni ya aluminiamu ya miaka ya tisini, nimefanya ile ya chaki na imetoa mstari mrefu kama kucha pembeni ya bawaba. Kuna mtu ana mashine ya kuchomelea aluminiamu amesema ni kazi ya dakika kumi. Nimempenda sana huyu baiskeli sitaki kumtupa.

BawabaKwanza

Nakuelewa kabisa na inauma, lakini nakuomba usiipande tena na usiichomelee. Fremu nyingi za aluminiamu ni za aloi kama 6061, na nguvu yake haitokani na aloi yenyewe peke yake, inatokana na matibabu ya joto yaliyofanyika kiwandani baada ya kuunganishwa. Ukichomelea sehemu moja, eneo linalozunguka weldi linapoteza nguvu kubwa, na eneo lenyewe ndo lile linalobeba mzigo kuliko lote. Ule ufa utaonekana umeziba, kisha utafunguka pembeni yake, na kwenye baiskeli ya kukunja ukifunguka maana yake nusu ya mbele inaachana na nusu ya nyuma ukiwa juu. Toa magurudumu, breki, siti, usukani, tafuta fremu nyingine vipimo vifanane. Vitaendelea kuishi huko.

NyundoPole

Naunga mkono. Na hata ya chuma yenye ufa isipelekwe kwa mtu wa mageti. Fremu nyingi za zamani zimeunganishwa kwa shaba, na penye shaba ukichomelea kwa umeme ile shaba inaingia kwenye weldi na weldi inapasuka. Hiyo ni kazi ya mtu anayejenga fremu, anayeunga kwa shaba hiyo hiyo. Kipande cha chuma kilichobandikwa juu ya ufa hakitibu, kinahamisha ufa ukaanzie kwenye ncha ya kile kipande.

spoku_ishirini

Pedeli zimetoka zote mbili, asante. Sasa nguzo ya siti ya aluminiamu imeng'ang'ania ndani ya fremu ya chuma, haizunguki haishuki.

BawabaKwanza

Aluminiamu na chuma vikikaa pamoja na unyevu vinashikana, ule unga mweupe unaouona ndo unabana. Toa bolti ya kubania kabisa, mimina mafuta ya kupenya juu, halafu geuza baiskeli miguu juu umimine na kwa chini kupitia kwenye ekseli ya krenki kama umeshaifungua. Subiri siku kadhaa, uwe unaongeza na kugonga gonga pembeni taratibu. Kisha jaribu kuizungusha kwa kushika siti, kuzungusha kwanza, kuvuta baadaye. Joto usitumie kabla hujajua kama ndani kuna bushi ya plastiki, baiskeli nyingi za kukunja zinayo.

Ikitoka angalia alama ya mwisho wa kuingiza. Nguzo za hizi baiskeli ni ndefu sana na mtu mrefu anashawishika kuivuta kupita alama, akikaa inafanya kazi ya mtaimbo ndani ya bomba na inalipasua kwa juu. Wakati wa kurudisha, aluminiamu ndani ya chuma paka grisi nyembamba, ila kama kuna ile bushi ya plastiki iache safi na kavu, ukiipaka grisi siti inashuka yenyewe.

Kamba_ya_Breki

Na breki wakuu? Zangu nimeweka mpira mpya na waya mpya, kavu zinashika, mvua ikinyesha hakuna breki kabisa.

BawabaKwanza

Rimu zako ni za chuma zenye krome bila shaka. Krome ikilowa mpira wa kawaida unateleza, umbali wa kusimama unaongezeka vibaya sana, hiyo ni tabia ya rimu yenyewe hata ukaze vipi. Kuna mipira ya breki maalum kwa rimu za chuma, mingine ina ngozi usoni, inasaidia ukiwa umelowa. Suluhisho la kweli ni kujenga magurudumu upya na rimu za aluminiamu ukiacha habu zako zile zile. Hesabu matundu ya habu kwanza, habu ya mbele na ya nyuma zinaweza kutofautiana, na spoku za gurudumu dogo ni fupi kwa hiyo agiza kwa kipimo. Kama kuna kitu kimoja cha asili ambacho mimi ningekitoa kwenye baiskeli ya kutumika kila siku bila kusita ni hizo rimu, hata kama mwenye kupenda uhalisia atanikasirikia.

mama_gia3

Rangi sasa mkuu, umesema ya mwisho, si ndo tumefika?

BawabaKwanza

Tumefika dada. Kama rangi ya asili na stika bado zipo kwa sehemu kubwa mimi nakushauri uioshe, uipake nta, uiache. Stika zikishachubuliwa hazirudi. Ukiamua kupaka, chukulia kwamba rangi ya zamani ina madini ya risasi: piga msasa wa maji siyo mkavu, vaa barakoa ya vumbi, watoto wasiwe karibu, futa uji wote kwa kitambaa cha kutupa, na usiichome kwa moto. Ziba kwa tepu nyuso za bawaba, tundu la pini, ndani ya bomba la siti, meno ya ekseli na shingo. Praima (rangi ya msingi), rangi tabaka nyembamba nyembamba, uvumilivu. Iache ikomae siku nyingi kabla ya kukaza chochote juu yake.

Kamba_ya_Breki

Swali la mwisho. Nimekata waya wa breki ya nyuma vizuri kabisa kwa urefu, baiskeli ikikunjwa unavutwa na breki inajibana yenyewe.

BawabaKwanza

Umeupima ikiwa imekunjuliwa. Huo waya unabeba mikunjo, ukivutwa kila siku ganda linapasuka pale pale kwenye bawaba na waya unaanza kukatika uzi mmoja mmoja ndani usipoona. Weka mpya, uuache mrefu, ikunje baiskeli polepole ukiangalia unapita wapi, geuza usukani mwisho wa kushoto na mwisho wa kulia ikiwa imekunjwa na ikiwa imekunjuliwa, hakikisha haubanwi kati ya zile nyuso mbili za bawaba, hapo ndo ukate. Waya wa gia nao vivyo hivyo, na baada ya kuukata rudi kwenye lile bega la kijiti maana litakuwa limehama.

Halafu mzunguko mfupi wa kwanza nenda sehemu tambarare, ukirudi kaza tena nati za kota, pima mchezo wa bawaba kwa kidole, gusa spoku zote kama kuna iliyolegea. Zitakuwepo.